Hakukataa Ziwa

Mwaka wa 1949, nikiwa na miaka minane, shida iliingia nyumbani kwetu pamoja na harufu ya ndizi. Papa alikuwa mpishi wa kasiksi, pombe ya ndizi, na siku ile alikuwa amefungua shimo alimozifukia ndizi zake ziive kwa moshi. Mtu asiyeijua harufu hiyo simwonei wivu. Ni tamu, ni nzito, inakaa kwenye nywele, na nzi wote wa mlima mzima wanakuja kukusalimu. Nyumba yetu ilikuwa juu ya mlima wa Lushebere, kwetu Masisi, mahali ambapo ukungu wa asubuhi unalala chini ya miguu yako, na ukitupa jiwe hulisikii likifika. Mimi nilipewa kazi ya kufukuza kuku kwenye maganda, huku Mama akijifungua katika chumba cha ndani. Nilikuwa nasubiri vigelegele ili niache kuku na nikimbie kuona kama ni msichana. Vigelegele havikuja. Mama Furaha, jirani yetu aliyekuwa akizalisha wanawake wa mlima ule, alitoka mlangoni akifuta mikono, akamwambia Papa kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, maana yule mama alizoea kusikika mpaka ng'ambo ya bonde: "Mutoto iko muzima. Mwanaume. Lakini kinywa yake iko na milango mbili."

Mimi sikusoma sana. Nilifika mwaka wa pili wa shule, nikatoka, na kilichobaki nimejifunza kwa mikono na miguu yangu. Kwa hiyo sitakueleza mdomo ule kwa maneno ya daktari. Nitasema nilichokiona. Mdomo wa juu wa mdogo wangu ulikuwa umeachana upande wa kushoto, kutoka ukingoni mpaka karibu na pua, na ndani yake ufizi mwekundu ulionekana hata akifumba kinywa. Papa alimchukua mikononi, akamsogeza kwenye mwanga wa mlango, akamtazama kwa muda mrefu. Mama kitandani alikuwa amegeukia ukuta. Alikuwa anangoja neno la mumewe, na mimi pia nilikuwa nalingoja. Papa akasema, "Mama Sifa, tazama huyu muntu. Ametoka kuzaliwa leo na anatucheka tayari!" Sifa ni mimi. Na kweli, ukimtazama vizuri, kwa jinsi mdomo ulivyopanda upande mmoja, alikuwa kama mtu aliyesikia jambo la kuchekesha na anajizuia. Mama akageuka. Akanyoosha mikono. Mpaka leo nasema ndoa ya wazazi wangu ilifungwa siku ile, si ile siku ya kanisani.

Watu walitafuta sababu, kama kawaida yao. Wengine walisema Mama alikula sungura akiwa na mimba. Wengine walisema Papa alipasua kuni mbele ya tumbo lake. Papa aliwajibu, "Nani hapa hapasui kuni? Watoto wa Masisi yote wangezaliwa wamepasuka ao hapana?" Wakaenda kusemea mbali. Hayo hayakutuumiza sana. Kilichotuumiza ni kwamba mtoto hakuweza kunyonya. Mama alimweka kwenye ziwa, naye alifungua kinywa kwa pupa, akavuta, ikasikika sauti ya hewa, fyuuu, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi, na maziwa kidogo yaliyotoka yakamteremkia shavuni. Akajaribu tena. Akakasirika, akalia, akageuza kichwa. Maziwa ya Mama yalimjaa mpaka kifua kikawa kigumu kama viazi, na mtoto alikuwa anapungua. Mama Furaha alitikisa kichwa, akasema neno ambalo kwetu ni zito: "Anakataa ziwa." Kwetu mtoto akikataa ziwa, watu wanasema amemkataa mama, na baada ya hapo wanaanza kuuliza huyo mama alitembea wapi. Papa alisema mtoto atapata jina siku atakayoshika ziwa la mama yake. Alisema hivyo kwa matumaini, lakini Mama alilisikia kama tisho.

Papa ndiye aliyemnusuru, na alimnusuru kwa ulevi wake. Nasema ukweli, Papa alikuwa mnywaji. Kasiksi yetu inanyweka kwa mrija, unyasi mrefu ulio wazi katikati, na Papa aliuchonga mrija wake mwenyewe na kuuhifadhi vizuri kwenye majani ya paa kuliko alivyohifadhi shati lake la Jumapili. Siku moja alimwambia Mama akamue maziwa kwenye kibuyu kidogo. Akakata mrija mpya, mfupi, akasugua ncha zake kwenye jiwe mpaka zikawa laini. Akauingiza kwenye kibuyu, akavuta kidogo tu mpaka maziwa yakapanda nusu, akaziba juu kwa kidole. Halafu akamkalisha mtoto wima kifuani pake, akauweka mrija juu ya ulimi, ndani kidogo, akalegeza kidole. Tone. Akaziba. Akalegeza. Tone. Mtoto akatulia, macho yakawa makubwa, akameza. Mama alipiga makofi kitandani. Mara nyingine Papa alivuta kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa, kwa sababu ya mazoea ya kasiksi, maziwa yakamfika kinywani, akakunja uso. Mama akamuuliza, "Tamu?" Papa akajibu, "Haina kilevi." Tulicheka mpaka mtoto akashtuka.

Basi ikawa kazi ya nyumba yetu. Asubuhi, mchana na jioni Papa alikaa kwenye kigoda mlangoni, mtoto kifuani, kibuyu mapajani, na mimi pembeni na tawi la kufukuza nzi. Alimwimbia nyimbo za kukamua ndizi, ambazo maneno yake siwezi kuyaandika hapa. Mtoto akaanza kunenepa. Akapata mikunjo mapajani. Akisikia harufu ya Papa, ule moshi na ule uchachu wa ndizi, anaanza kurusha miguu hata kabla hajamwona, na mdomo wake uliopasuka unapanuka mpaka unafikiri uso wote umekuwa kicheko. Mimi nimeona watoto wengi wakicheka, wangu na wa wengine. Kicheko kipana kama kile sijakiona tena. Papa alisahau hata kuonja pombe yake. Wateja walilalamika kwamba kasiksi ya Papa Sifa imekuwa ya kulalisha watoto.

Lakini Mama hakuwa na furaha yote. Alikaa ndani, akakamua, akatoa kibuyu nje, akasikia vicheko mlangoni. Jioni moja nilimpelekea kibuyu kitupu, akakipokea, akamwambia Papa bila kumtazama: "Mimi niko ng'ombe yenu tu. Munanikamua, munakwenda kufurahi." Papa alitaka kufanya mzaha, akaona uso wake, akaacha. Mama akaendelea, "Akilia, nikimubeba, anatafuta wewe. Ananikataa kweli. Mama Furaha hakusema bongo, hakudanganya." Papa akamwekea mtoto mapajani. Mtoto akageuza kichwa, akanusa hewa, akamtafuta Papa. Mama akamrudisha kwa Papa polepole, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa.

Sasa sikia watu walivyo. Mama Furaha alipita njia ya nyuma ya nyumba yetu akienda kuchota maji, akachungulia kwenye uzio wa matete. Akaona Mama anakamua maziwa kwenye kibuyu. Akaona Papa anapokea kibuyu, anaweka mrija, anavuta. Mtoto alikuwa upande wa pili, mgongoni kwangu, naye Mama Furaha hakumwona. Yule mama hakungoja kuona zaidi. Aliweka mtungi chini na kurudi alikotoka bila maji. Kabla jua halijafika katikati, mlima wote ulijua kwamba Papa Sifa amechoka na kasiksi, sasa anakunywa maziwa ya mke wake kwa mrija! Watoto wenzangu walinifuata njiani, wakiweka vijiti midomoni na kuimba, "Papa yako ananyonya! Papa yako iko mutoto!" Nilimpiga mmoja kwa fimbo ya ng'ombe wa kwao. Sijutii. Papa aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Alisema, "Waache. Hawa bantu wakichoka watanyamaza." Hakujua kwamba habari ina miguu mirefu kuliko sisi.

Mama alikuwa mtu wa msituni, wa kwa Wanyanga, upande wa Itebero kule Walikale. Wabeba mizigo walipita kwetu, wakanywa, wakasikia, wakabeba habari pamoja na mizigo yao. Na kila walipopumzika, habari ilinenepa. Ilipofika Itebero, ilikuwa hivi: shemeji yenu wa Masisi anamnyonya dada yenu, mtoto anakufa kwa njaa, na dada yenu amekonda mpaka anaonekana mifupa. Kaka zake wawili wakashika mikuki, wakapanda. Ni mwendo mrefu, msitu, matope, mito, kisha mlima unaokata pumzi ya watu wa bondeni. Walifika kwetu mchana, midomo imepauka kwa baridi. Mkubwa, mjomba Matata, alikuwa mtu mfupi, mpana, mwindaji, na sauti yake ilitoka tumboni. Mkononi alikuwa na mkuki na begani alikuwa na nyama kavu ya zawadi, maana hata kwa hasira huwezi kwenda kwa dada yako mikono mitupu. Alimpa Mama nyama, kisha akasema, "Dada, funga vitu vyako. Tunakwenda. Mutoto ni wa papa yake, akae na huyu muntu mwenye kukunywa chakula yake."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Mama alisimama katikati ya ua. Sikumwona akikataa. Hilo ndilo lililoniogofya. Alimtazama mtoto aliyekuwa kifuani kwa Papa, akasema taratibu, "Hata nikibaki, mimi si kitu kwake. Papa yake anamutosha." Papa, mtu mwenye mizaha kwa kila jambo, siku ile aliiacha mizaha yote. Akasema tu, "Mashemeji, mumetoka mbali. Mukunywe kwanza. Halafu munihukumu." Na kwetu, mtu wa msitu au wa mlima, hakuna anayekataa chungu kilichowekwa mbele yake. Hata mwenye mkuki anauegemeza ukutani kwanza.

Papa akaleta chungu kikubwa. Mjomba Matata hakuwa na mrija wake, akapewa mmoja wa zamani kutoka paani. Akauzamisha, akavuta kwa kiu yote ya njia ile. Ikasikika: fyuuu. Akavuta tena. Fyuuu. Akautoa, akautazama kwa hasira. "Hata mirija yako ni ya kudanganya bantu!" Mdogo wake akacheka, akamwambia, "Kaka, murija umepasuka pale. Inakunywa hewa. Weka kidole." Mjomba akaona ufa ubavuni mwa mrija, akauziba kwa kidole gumba bila kufikiri, kama kila mnywaji anavyofanya, akavuta, na kasiksi ikapanda mpaka mashavu yake yakajaa.

Papa alikuwa amenyanyua mkono ili aongeze pombe. Mkono ukabaki hewani. Alitazama mrija. Alitazama kidole cha mjomba. Akamtazama mtoto kifuani. Halafu akapiga kelele iliyowafanya kuku waruke: "Mama Sifa! Hakatai! Mutoto hakatai! Anakunywa hewa!" Wajomba walifikiri amepagawa. Akamkimbilia Mama, akamshika mkono, akamkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe, ambacho hakuna mtu mwingine aliyewahi kukikalia, akamwekea mtoto wima, si kulala. "Weka ziwa. Sasa kidole yako, hapa, juu ya mupasuko. Ziba. Ziba kama mjomba!" Mama alifunua kifua mbele ya kaka zake, nao wakageukia ukuta kwa heshima, wakiendelea kushika mirija. Mtoto alifungua kinywa kwa pupa kama siku ya kwanza. Mama akaweka kidole gumba penye mwanya.

Hakuna fyuuu. Ikasikika sauti ndogo ya kumeza. Kisha nyingine. Mama alitoa "Yee!" ya maumivu, kwa sababu mtoto alikuwa na nguvu za mtu aliyesubiri muda mrefu, halafu ile "Yee" ikageuka kilio, na kilio kikageuka kicheko, vyote kwa pumzi moja. Mtoto alifumbua macho, akamtazama. Si Papa. Alimtazama yeye, kwa lile jicho la pembeni la mtoto anayenyonya, na mkono wake mdogo ukapanda ukashika kile kidole gumba. Mama akasema, "Kumbe ulikuwa unanitaka." Akasema tena na tena. Mjomba Matata, akiwa bado amegeukia ukuta, akauliza kwa sauti ya tumboni, "Anakunywa?" Papa akajibu, "Anakunywa kukupita." Mjomba akaweka mrija chini, akafuta macho na kiganja, akadai kwamba ni moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Siku ile mtoto alipata jina. Papa alimwita Shukuru. Mjomba alitaka aitwe Mrija, na kwa kuwa alikuwa amekunywa, alilitetea jina hilo kwa bidii mpaka akalala. Wajomba walikaa kwetu siku kadhaa, wakala ile nyama yao wenyewe, na kila mama aliyepita njiani mjomba Matata alimwita ndani aje aone dada yake anavyonyonyesha. Mama Furaha naye aliitwa. Alikuja na kikapu cha mihogo na uso wa mtu anayepita tu. Mama alimkaribisha, akamwambia, "Karibu, dada. Leo tazama kwa mlango, usitazame kwa uzio." Wakacheka wote wawili, wakashikana, na urafiki wao ukadumu mpaka mmoja alipomzika mwenzake.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote ya utoto wangu. Mvua zilinyesha kwa wakati, maharage yalibeba, na Mama aliimba. Alitembea na Shukuru kila mahali, sokoni, kanisani, shambani, bila kumfunika uso. Mtu akitazama sana, alimgeuza mtoto amwone vizuri, akasema, "Msalimie huyu papa, anakutazama." Na Shukuru anapanua ule mdomo. Aliyenuna alikuwa Papa. Akimfungulia mikono, mtoto anajificha kwenye nguo za Mama. Papa alikaa kwenye kigoda, akauchezea mrija mfupi usio na kazi, akaniambia, "Sifa, sasa ni mimi njo nimekataliwa." Lakini ukimtazama hakuwa mtu mwenye huzuni. Alirudia kuonja pombe yake, na wateja wakarudia kusifu.

Shukuru alishonwa mdomo akiwa mvulana mkubwa, katika hospitali ya misheni, na daktari aliyemshona alifanya kazi safi, sina neno baya juu yake. Tulipomrudisha nyumbani na bandeji ikatolewa, watu walishangilia. Mama alishangilia pia. Halafu akakaa naye peke yake, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku, na nilimsikia akiuliza, "Wamekushona muzuri. Lakini kile kicheko changu wamekipeleka wapi?" Wengine wangesema ni ujinga. Mimi nimezaa, nasema si ujinga. Sura ile ndiyo aliyoipenda kwanza, na ndiyo aliyoitetea mbele ya mlima mzima. Alichukua muda kukizoea kicheko kipya, kilicho chembamba, kama mtu anayezoea nyumba mpya yenye milango midogo.

Siku hizi watoto kama yeye bado wanazaliwa. Madaktari wanapita mara kwa mara, wanashona, na picha za kabla na baada zinaonyeshwa kwenye simu. Ni jambo jema, nalisema wazi. Zamani wengi hawakushonwa. Lakini naona wasichana kwenye kambi ya wakimbizi wa vita hapa Lushebere wanamfunika mtoto kitambaa usoni, wanangoja ashonwe ndipo wampende. Mimi naingia kwenye vibanda vyao bila kubisha, kwa sababu ni mzee na hakuna wa kunizuia. Nafunua kitambaa. Nachukua kidole gumba cha yule msichana, nakiweka mahali pake. Mmoja aliniuliza, "Mama, wewe iko muganga?" Nilimwambia, "Mimi ni mtoto wa mlevi. Nyonyesha." Mtoto alipomeza, yule msichana alitoa ile "Yee" ninayoijua, na nilitoka haraka kwa sababu sipendi watu wanione nikilia.

Sikurithi kitu. Vita vilinila ng'ombe, nikaanza upya. Vikanila tena, nikaanza upya tena. Nilibeba viazi mgongoni, nikauza, nikanunua shamba, nikauza maharage mpaka Pinga. Leo nina nyumba ya mbao yenye bati. Nina shamba la maharage na shamba la viazi, na migomba. Nina ng'ombe, na maziwa yao hayanunuliwi, yananywewa hapahapa. Nina mashine ya kusaga mahindi, inapiga kelele lakini inasaga. Nina pikipiki, anaiendesha mjukuu. Nina watoto na wajukuu walionipita kwa shule. Nina meno machache. Na nina mdogo wangu Shukuru, babu wa watu, anayeishi nyumba ya pili, na anayekuja kila asubuhi kunywa chai kwangu kwa kelele mbaya ya kuvuta ambayo wajukuu wanamkataza, na ambayo mimi simkatazi.